Kuandaa ngozi kwa retinoidi kabla ya kumenywa kwa kemikali au kupigwa leza

Anza na kalenda, tyubu baadaye. Ngozi nyingi huhitaji wiki 4 hadi 6 za retinoidi (dawa za kupaka za ukoo wa vitamini A) kabla ya siku ya kumenywa, yaani kupakwa tindikali inayobandua tabaka la juu la ngozi, na chini ya wiki 2 hakuna maandalizi ya maana. Ukiwa umebakiza siku 10 tu, usianze. Utafika kliniki katikati ya kile kipindi kibaya kuliko vyote, ngozi ikiwa nyekundu na ikibambuka, faida yenyewe ikiwa bado haijaja. Heri kusogeza miadi mbele, au kwenda na ngozi isiyoandaliwa lakini iliyotulia.

Lengo lote la kazi hii ni hilo neno: kutulia. Watu hudhani ngozi iliyoandaliwa ni ile inayobambuka sana, kwamba kubambuka ni ushahidi wa dawa kufanya kazi. Ni kinyume chake. Ngozi iliyo tayari huwa laini, ina rangi moja, haiwashi, na ukiinawisha kwa maji matupu haichonyoti.

Retinoidi inabadilisha nini

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni ukuta wa seli zilizokwisha kufa, na ukuta huo hauna unene mmoja. Puani na kidevuni ni mnene, kando ya macho ni mwembamba, na palipopigwa na jua kwa miaka mingi au palipoota chunusi una viraka. Tindikali ikipakwa juu yake huzama upesi palipo pembamba na hukwama palipo panene. Ndipo unapoona mtu ametoka kliniki akiwa amemenyeka vizuri shavuni, paji la uso halijaguswa, na pembeni mwa mdomo pameungua.

Dawa hizi, zote za ukoo wa vitamini A, huingia ndani ya seli hai, hushika vipokezi vilivyo kwenye kiini chake na kuiharakisha ijigawe na kupanda juu. Baada ya wiki chache ule ukuta wa seli mfu unakuwa mwembamba na wenye unene unaokaribiana, huku tabaka hai lililo chini yake likinenepa. Chembe za melanini, ile rangi ya ngozi, zilizokuwa zimerundikana hutawanywa na kusukumwa juu zitoke. Tindikali ikija, inazama kwa usawa. Na kwa kuwa seli tayari ziko mbioni kujigawa, jeraha hufunga mapema: imeonekana kwamba ngozi iliyopakwa tretinoini, mojawapo ya retinoidi, ya asilimia 0.1 kwa wiki 2 kabla ya TCA (tindikali ya trikloroasetiki) ya asilimia 35 hupona haraka kuliko ile isiyopakwa.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Wiki hizo za maandalizi ni mtihani wa ngozi yenyewe. Ngozi inayoacha madoa meusi kwa sababu ya tretinoini kidogo tu imekwambia mapema itakavyofanya ikipakwa tindikali kali.

Nani asianze

Mjamzito, au anayetafuta mimba, asipake retinoidi ya aina yoyote. Tazaroteni, retinoidi iliyo kali, hasa imekatazwa waziwazi. Anayenyonyesha amuulize daktari kwanza. Mwenye pumu ya ngozi iliyoamka, ngozi iliyoungua jua, vidonda vibichi au mashavu yanayowaka mekundu mara kwa mara atulize hilo kwanza.

Kundi linalosahaulika ni wanaotumia krimu za kung'arisha ngozi zisizo na orodha ya viambato. Nyingi za namna hiyo huwa na steroidi kali, na nyingine zebaki. Steroidi hukondesha ngozi na kuficha uvimbe, kwa hiyo uso unaonekana mzuri hadi siku unapoiacha. Ukiweka retinoidi juu ya ngozi hiyo inaungua. Ukiacha steroidi ghafla wiki ya miadi, uso unalipuka vipele na wekundu. Mwambie daktari jina la kila unachopaka, hata kile unachoona aibu kukitaja. Kwa mtu wa namna hii miadi husogezwa kwa miezi, si kwa siku.

Kuchagua dawa

Ngozi hutumia asidi ya retinoiki. Tretinoini ndiyo asidi hiyo yenyewe, haihitaji kubadilishwa. Retinaldehaidi inahitaji hatua moja ya kubadilishwa ndani ya ngozi, retinoli hatua mbili, na retinili palmiteti, inayojaa kwenye krimu za bei nafuu, hatua tatu. Kila hatua sehemu ya dawa hupotea njiani. Palmiteti usiihesabu kama maandalizi.

Kwa asiyewahi kutumia, tretinoini ya asilimia 0.025 ndiyo pa kuanzia, na kwa wengi ndiyo pa kuishia pia. Ya 0.05 ni ya ngozi ya mafuta au iliyozoea. Ya 0.1 ina kazi yake, lakini ukiianza wiki 4 kabla ya miadi unajitafutia matatizo. Adapaleni ya asilimia 0.1 huwasha kidogo zaidi na inawafaa wenye chunusi. Tazaroteni ni kali. Aliyezoea aendelee nayo, mgeni asiianzie. Ngozi isiyovumilia tretinoini kabisa ipewe retinoli ya asilimia 0.3 hadi 0.5, na muda uongezwe kutoka wiki 4 kuwa 6 au 8.

Wiki kwa wiki

Wiki 1 na 2: paka kila usiku wa tatu. Yaani ukipaka Jumatatu, unarudia Alhamisi, kisha Jumapili.

Wiki 3: usiku mmoja unapaka, mmoja unapumzika.

Wiki 4 na kuendelea: kila usiku, kama ngozi imekubali. Isipokubali, baki kwenye ratiba ya wiki 3 hadi mwisho. Hupotezi kitu. Tretinoini ya 0.025 inayopakwa usiku mmoja na kupumzishwa unaofuata, wiki 5 bila kukatiza, inaandaa ngozi vizuri kuliko ya 0.1 iliyopakwa kila siku kwa wiki moja na kuachwa kwa sababu uso umewaka moto.

Namna ya kupaka: nawa kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, futa kwa kugusagusa taulo, kisha subiri dakika 15 hadi 20 ngozi ikauke hasa. Ngozi yenye unyevu hunyonya dawa kwa wingi na kuwashwa zaidi. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye pembe za mdomo, pembeni mwa pua na kona za macho. Hayo ndiyo mashimo dawa inakotuama. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Idondoshe nukta nukta, paji la uso, mashavu mawili, pua na kidevu, halafu sambaza kuelekea nje. Kope hazipakwi. Shingo ina ngozi nyembamba na vinyweleo vichache, hivyo hupona polepole: nusu ya punje, mara mbili kwa wiki, basi. Malizia na krimu ya kulainisha isiyo na manukato.

Mwenye ngozi kavu apake krimu ya kulainisha kwanza, asubiri, apake retinoidi, kisha krimu tena. Dawa inapungua makali kidogo lakini mtu anamaliza wiki zake.

Kuongeza punje mbili hakuharakishi chochote. Vipokezi vikishashikwa vimeshikwa. Kinachobaki kinaunguza tu.

Tretinoini huharibiwa na mwanga, ndiyo maana ni ya usiku. Peroksidi ya benzoili nayo huiharibu, kwa hiyo mwenye chunusi aiweke asubuhi. Adapaleni haina tatizo hilo. Visugulio vya chembechembe, tona zenye pombe na asidi za matunda viweke kabatini kipindi chote hiki. Dawa moja inayomenya inatosha.

Asubuhi ni zamu ya krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na kurudia kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ichague yenye rangi, ile iliyotiwa oksidi ya chuma. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huamsha melanini, na krimu nyeupe za kawaida hazizuii mwanga huo ipasavyo. Asiyekuwa tayari kupaka krimu ya jua kila asubuhi asianze retinoidi, na kumenywa asikufikirie.

Kwa mwenye mabaka meusi usoni au historia ya madoa kubaki kila anapojikwaruza, daktari huongeza haidrokwinoni, dawa ya kufifisha weusi, ya asilimia 4 kwa wiki 2 hadi 4 kabla ya miadi. Retinoidi huisaidia kuzama. Mchanganyiko maarufu wa daktari wa ngozi Kligman wa mwaka 1975 ulikuwa na haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na dexamethasoni (steroidi) asilimia 0.1; tretinoini humo ilikuwa na kazi ya pili, kupunguza ule ukondeshaji wa ngozi unaoletwa na steroidi. Haidrokwinoni ni dawa ya miezi michache chini ya uangalizi. Ikipakwa miaka, hasa juani, inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka.

Mambo yakienda mrama

Wekundu hafifu, ukavu na magamba madogo kati ya siku ya 3 na wiki ya 3 ni kawaida. Ruka usiku mmoja au miwili, ongeza krimu ya kulainisha, rudi kwenye ratiba ya hatua iliyotangulia. Usiyabandue magamba kwa kucha wala kitambaa: kila gamba linalong'olewa kabla ya wakati wake linaacha jeraha, na kwenye ngozi yenye melanini nyingi jeraha hilo ni doa la miezi.

Chunusi kuchipuka kwa wingi wiki za mwanzo si sababu ya kuacha, ila ni sababu ya kumjulisha atakayekumenya. Zikiwa bado zimeiva na zina usaha siku ya miadi, tindikali itazama kwenye kila iliyopasuka.

Kuchonyota unapopaka krimu ya kawaida ya kulainisha maana yake kinga ya ngozi imevunjika. Acha retinoidi kwa siku 5 hadi 7 na utumie sabuni laini, krimu na kinga ya jua tu. Ikitokea wiki moja kabla ya miadi, usirudi tena kwenye retinoidi. Peleka ngozi iliyopona.

Kuwashwa kwa upele uliovimba, kope kufura, au ute kutoka ni dalili za mzio au kuungua, na hapo anatafutwa daktari. Kuruka usiku mmoja hakutoshi.

Siku ya kuacha

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na hata baadhi ya wahudumu hawako makini. Retinoidi ni ya kuacha kabla ya kumenywa. Ngozi iliyo katikati ya kubambuka ina nyufa ndogo zisizoonekana. Tindikali hutuama humo, na umenyaji uliokusudiwa kuwa wa juu unageuka wa kina mahali hapo peke yake. Kwenye ngozi nyeupe hilo huishia wekundu wa muda mrefu. Kwenye ngozi nyeusi huacha doa, mara nyingine kovu.

Kwa umenyaji wa juu, yaani asidi ya glaikoliki ya asilimia 20 hadi 50, salisiliki ya 20 hadi 30, au laktiki, acha siku 3 hadi 5 kabla. Mwenye ngozi inayoacha madoa kirahisi aache siku 7. Kwa mchanganyiko wa Jessner (resosinoli, salisiliki na laktiki gramu 14 kila moja, katika ethanoli hadi kufika mililita 100) au TCA hafifu, siku 7. Kwa TCA ya asilimia 35, inayoshuka hadi tabaka la kati, ni siku 7 kwa ngozi nyeupe na hadi 14 kwa ngozi nyeusi. Tazaroteni iongezewe siku chache juu ya hizo. Wapo madaktari ambao kwa makusudi huendeleza tretinoini hadi karibu kabisa na siku yenyewe kwa mtu mweupe sana, wakitaka tindikali ishuke zaidi. Huo ni uamuzi wa atakayeshika brashi, na maagizo yake ndiyo yanayofuatwa.

Tarehe peke yake haitoshi. Asubuhi ya kuamkia miadi, nawa, paka krimu ya kulainisha ya kawaida, na usubiri dakika 5. Ikichonyota, au ukiona magamba ukigeuza uso upande wa dirishani, piga simu uahirishe.

Aina ya tindikali nayo ina uzito wake. Glaikoliki hufanya kazi kwa dakika, na husimamishwa kwa maji au kwa soda ya kuokea (baikaboneti) iliyoyeyushwa. Kwenye ngozi ya retinoidi inazama kwa kasi, kwa hiyo mhudumu aanze na nguvu ya chini kuliko alivyozoea na aangalie ngozi, saa iwe ya pili. Salisiliki huacha unga mweupe juu ya ngozi na kujikomea yenyewe, ndiyo maana ni rafiki wa ngozi nyeusi. TCA haizimwi na kitu. Kila tabaka linaloongezwa linashuka zaidi, na weupe wake, unaotokana na protini za ngozi kuganda, huchukua dakika kadhaa kukamilika. Mwenye haraka anaongeza tabaka la pili kabla la kwanza halijasema lote, na juu ya ngozi ambayo ukuta wake wa seli mfu umepunguzwa na tretinoini kosa hilo halirudishwi.

Leza ni habari nyingine

Mantiki ya kusawazisha ukuta wa seli mfu haihami yote kuja kwenye leza. Leza ya CO2, yenye mawimbi ya nanomita 10,600, na ya Erbium ya nanomita 2,940 hulenga maji yaliyomo kwenye seli na kuyageuza mvuke; hazihitaji kusaidiwa kupenya. Utafiti uliochapishwa 1999 uliangalia watu walioandaliwa kwa tretinoini na haidrokwinoni, au kwa glaikoliki, kabla ya CO2, na madoa meusi ya baadaye hayakupungua kwa kiasi cha maana. Sababu ni rahisi kuielewa: leza inachoma na kuondoa tabaka lote la juu, pamoja na zile seli za melanini ulizokuwa umezituliza. Zinazokuja kufunika jeraha zinapanda kutoka kwenye vinyweleo, na huko krimu haikufika.

Kwa hiyo anayekwenda kwenye leza asilipie maandalizi ya retinoidi akidhani ni kinga ya madoa. Kinga yake ni kutokaa juani kwa wiki 4 kabla, kuchaguliwa mawimbi yanayofaa (leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064 ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi katika kuondoa nywele), na mhudumu anayepunguza nguvu ya mashine. Kama tayari unatumia retinoidi kwa ajili ya chunusi au makunyanzi, si lazima uisitishe mapema: acha siku 3 hadi 7 kabla ya leza ya nywele au ya kutibu bila kuchoma uso wa ngozi, na siku 7 hadi 14 kabla ya ile inayochoma.

Vidonge vya isotretinoini, retinoidi ya kumeza, visichukuliwe kuwa sawa na krimu. Kwa miaka mingi agizo lilikuwa kusubiri miezi 6 baada ya kumaliza vidonge. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani waliopitia ushahidi walisema hakuna sababu ya kuchelewesha umenyaji wa juu wala leza ya kuondoa nywele kwa watu hao, lakini hawakuruhusu leza inayochoma uso mzima wala kusugua ngozi kwa mashine ndani ya kipindi hicho. Mtajie daktari tarehe ya kidonge cha mwisho.

Siku zinazozunguka miadi

Nta na uzi wa nyusi viache tangu unapoanza retinoidi; nta huondoka na ngozi yenyewe, na mkato huo juu ya jicho ukipakwa tindikali unaacha kovu. Wembe usiguse uso kwa saa 24 hadi 48 kabla. Anayetokwa malengelenge ya hepesi mdomoni aseme mapema, kwa sababu kwa TCA ya kina cha kati au leza inayochoma hupewa asiklovia au valasiklovia kabla ya siku yenyewe, hata kama mara ya mwisho ilikuwa miaka iliyopita. Beba tyubu zako. Maelezo kama "krimu nyeupe ya usiku" hayamsaidii mhudumu.

Baada ya kumenywa, retinoidi haigusi ngozi hadi ifunge kabisa: hakuna gamba, hakuna sehemu mbichi yenye rangi ya waridi, maji hayachonyoti. Kwa umenyaji wa juu ni kama siku 5 hadi 7, kwa wa kati wiki 2 hadi 4, kwa leza inayochoma wiki 4 hadi 6. Unaporudi, rudi kwa ratiba ya wiki 1 hata kama ulikuwa umefika kila usiku.

Wanaomenywa kwa mfululizo wapige hesabu kabla ya kukubali tarehe. Miadi ikiwa kila wiki 4: unamenywa siku ya 0, unarudi kwenye retinoidi siku ya 7, unaacha tena siku ya 21. Zimebaki siku 14, na kwa ratiba ya kila usiku wa tatu ni mipako 5 tu. Inatosha kuidumisha ngozi iliyokwisha andaliwa, haitoshi kuiandaa upya. Miadi ikiwa kila wiki 2, siku ya kuanza na siku ya kuacha zinaangukia tarehe ileile. Hapo retinoidi inakaa kando hadi mfululizo uishe, na kazi ya katikati inabaki kwa krimu ya kulainisha na ya jua.